Timu ya kuletwa au timu ya kulea? Uwanja mpya wa pamoja au Mwinyi ukarabatiwe?

Kijiweni kwetu, karibu na stesheni ya Tabora, birika la kahawa haliishi kabla mjadala haujarudi palepale. Kuna wanaosema mji umekua na Ligi Kuu tumeshaionja, kwa hiyo tuongeze timu ya pili kwa kuihamisha moja ambayo huko iliko haina uwanja wala watu, kisha ujengwe uwanja mpya nje ya mji timu zote mbili ziutumie. Kuna wanaosema hapana, timu ya pili ilelewe hapahapa kuanzia ligi ya mkoa, na fedha yoyote itakayopatikana iingie kwenye Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi ambao tayari upo. Na wenzetu wa Kigoma wanaoshuka na treni, madumu ya mawese miguuni, huongeza wazo la tatu: mikoa miwili ichange, ujengwe uwanja mmoja katikati ya njia.

Mimi nimekuwa mtunza vifaa wa timu ya daraja la chini hapa mjini kwa misimu sita. Nimefua jezi, nimechora mistari ya chokaa alfajiri, nimelala siti ya nyuma ya basi nikiwa nimekumbatia gunia la mipira. Mzee mmoja wa kijiweni aliniambia, "Mwanangu, wewe umeyaona kwa ndani. Yaandike tuyasome tukiwa tumetulia." Ndiyo haya. Naegemea upande wa kulea na kukarabati, nasema mapema ili anayesoma ajue. Lakini upande wa pili una hoja za kweli, na baadhi ya matunda yake nimeyala mwenyewe.

Timu ya kuletwa

Wanaopinga timu za kuhama huwa hawapendi kulisema hili, ngoja nilitangulize. Tabora tuliwahi kuwa na Milambo, ambayo vijana wa leo wanaisikia kwa baba zao. Rhino Rangers, timu ya jeshi, ilipanda ikacheza Ligi Kuu msimu wa 2013/14 na kushuka msimu huohuo. Baada ya hapo tukakaa karibu miaka kumi tukiisikiliza Ligi Kuu redioni. Kilichotutoa redioni ni timu iliyohama: Kitayosce, ambayo asili yake ni Kilimanjaro, ikaja kuweka makazi hapa, ikapanda mwaka 2023 na kuitwa Tabora United.

Mwanzo wake ulikuwa mchungu. Agosti 2023, mechi ya kwanza kabisa ya Ligi Kuu ugenini kwa Azam, timu iliingia na wachezaji wanane kwa sababu ya matatizo ya usajili, na mechi haikufika mwisho. Msimu huo ikaponea kwenye mchujo. Halafu Novemba 7, 2024 timu hiyohiyo ikaenda Chamazi ikaifunga Yanga 3-1. Siku ile kibanda umiza cha mtaani kwetu kilipasuka kwa kelele, benchi mbili zikavunjika, na mwenye kibanda hakumdai mtu. Nilimwona mzee anayecheza bao pale nje, ambaye kwa miaka yote hashiki habari za mpira, anauliza, "Ni sisi kweli?" Neno "sisi" hilo ndilo ninalotaka tulishike, nitalirudia.

Kwa hiyo unapoihamisha timu unanunua muda. Miaka ambayo ungeitumia kupanda kutoka ligi ya mkoa, kwenda ya mabingwa wa mikoa, kwenda First League, kwenda Championship, na kila ngazi kuna timu zenye njaa kama yako, unaikwepa kwa makubaliano na mwenye timu. Simba na Yanga wanakuja mjini kwako msimu ujao. Nyumba za wageni zinajaa, mama lishe anapika sufuria mbili, bodaboda hawalali. Hizo si hoja za kubeza.

Lakini kilichokuja kwa makubaliano kinaweza kuondoka kwa makubaliano, na Watanzania hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Mbarali upo. Novemba 29, 2022 Ihefu ikiwa nyumbani, katika Uwanja wa Highland Estates, iliifunga Yanga 2-1 na kukata mwendo wao wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Sehemu ya mashamba ya mpunga ikatajwa nchi nzima. Mwaka 2024 timu hiyo ikahamishiwa Singida na kuitwa Singida Black Stars. Leo kijana wa Ubaruku akitaka kuiona timu iliyompa siku ile, apande gari hadi mkoa mwingine, na akifika atakuta jina jingine kifuani.

Singida nao hawakuwa na raha tupu. Mwaka 2022 waliipata DTB iliyotoka Dar es Salaam, ikawa Singida Big Stars. Mwaka 2023 ikawa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 ikaondoka, ikabaki Fountain Gate bila Singida, na kuweka makazi Manyara, ndipo Ihefu ikaja kuziba pengo. Shabiki mwaminifu wa Singida alihitaji jezi za majina matatu ndani ya misimu mitatu. Na hapa kwetu, mwaka 2025 Tabora United nayo ikabadili jina, ikawa TRA United, chini ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Sina ugomvi na hilo. Taasisi inayolipa mishahara ya wachezaji kwa wakati ni baraka kuliko tajiri anayetafutwa kwa simu mwezi mzima. Lakini jezi yangu yenye neno Tabora kifuani nimeikunja nikaiweka kabatini, na ninapoifungua naona pengo ambalo mishahara haizibi.

Nje ya nchi kisa kinachofaa kusomwa na kila anayetaka kuhamisha timu ni cha Wimbledon ya London, waliochukua Kombe la FA mwaka 1988. Mwaka 1991 waliondoka Plough Lane, uwanja wao wa nyumbani, wakawa wapangaji wa Crystal Palace pale Selhurst Park. Wakakaa upangaji miaka 12. Mwaka 2002 tume ya watu watatu, wawili wakikubali na mmoja akikataa, ikaruhusu timu ihamie Milton Keynes, mji ulio mbali kaskazini mwa London. Ilihama mwaka 2003, na mwaka 2004 ikaitwa Milton Keynes Dons. Mashabiki hawakuhama. Walianzisha timu yao mwaka 2002, AFC Wimbledon, wakaanzia daraja la tisa, na mwaka 2011 wakawa wamerudi kwenye ligi za kulipwa. Mwaka 2020 wakafungua uwanja mpya jirani kabisa na ulipokuwa ule wa zamani.

Ninachokiona katika kisa hicho ni hatua za kuanguka kwake. Hawakuanza kwa kuhama mji. Walianza kwa kupoteza uwanja, wakawa wageni katika uwanja wa wengine, na timu isiyo na kwao ni rahisi kubebwa. Kwa hiyo suala la kuhamisha timu na suala la uwanja ni suala moja, japo kijiweni tunayatenganisha.

Timu ya kulea

Hapa nazungumza kwa uchungu kwa sababu nimeishi humo. Timu ya kulea inakula kila kitu na kurudisha kidogo kwa muda mrefu. Msimu wetu wa tatu tulipata ahadi ya mfadhili, ambaye simtaji, ya kulipia basi la safari za ugenini. Tukachapisha jina lake kwenye jezi kwa fedha zetu. Fedha ya basi haikuja. Tulisafiri kwa kuchangishana, kocha akaweka rehani pikipiki yake, na wachezaji wawili wazuri kuliko wote wakaondoka dirisha dogo kwa sababu timu nyingine iliwapa posho na chumba. Hatukuwalaumu. Mmoja alikuja kuniaga usiku, akaniachia viatu vyake, akasema, "Mpe mdogo wangu, anavaa namba hiyohiyo." Mdogo wake bado anacheza navyo.

Ubaya wa njia hii ni huo: haina uhakika wa kufika. Tabora imelea timu nyingi ambazo hazikuvuka Championship. Anayekuambia uchague kulea kwa kuwa utapanda ndani ya miaka mitatu anakudanganya.

Uzuri wake ni kwamba hata ikishuka inabaki. Timu ya mtaa ikifungwa hadi daraja la mwisho, Jumamosi inayofuata utawakuta watoto walewale uwanjani na baba zao wamesimama pembeni. Hakuna mkurugenzi anayeweza kuihamisha kwa barua, kwa sababu wenye timu ni wanachama.

Kati ya njia hizi mbili ipo ya Kigoma, na inastahili kutazamwa. Mashujaa ni timu ya jeshi. Haikuanza kwa wanachama wa mtaa, lakini haikuletwa pia. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023 kwa mchujo dhidi ya Mbeya City ikiwa ya Kigoma, na imebaki Kigoma. Aprili 2024 iliitoa Simba kwa penalti kwenye Kombe la Shirikisho katika Uwanja wa Lake Tanganyika. Mkoa uliomtoa golikipa Juma Kaseja haukuwa na upungufu wa vipaji, ulikosa mtu wa kulipa basi. Jeshi likalipa. Ukiniuliza njia ipi inafaa zaidi mikoa ya magharibi kama yetu, nitakujibu ni hii: taasisi yenye mfuko, timu yenye makazi yanayojulikana, na wachezaji wengi kutoka mkoani.

Uwanja mpya wa pamoja

Kugawana uwanja ni jambo la kawaida duniani, na linaweza kudumu. Pale Milan, uwanja wa San Siro ulifunguliwa mwaka 1926 kwa ajili ya AC Milan, na Inter wakajiunga mwaka 1947. Tangu hapo mahasimu wawili wamelala kitanda kimoja. Mwaka 2025 baraza la jiji lilikubali kuuza uwanja na eneo lake kwa klabu hizo mbili, nazo zinapanga kujenga mpya palepale, bado wa pamoja. Kwa nini umewezekana kwa karibu miaka 80? Klabu zote zina uzito sawa, zote ni za jiji hilohilo, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mwenye uwanja alikuwa jiji, asiye na timu.

Sasa linganisha na München. Allianz Arena ulifunguliwa mwaka 2005 kwa gharama ya euro milioni 340, mali ya klabu mbili za mji huo, Bayern na 1860 München, nusu kwa nusu. Ukuta wake wa nje unawaka taa: nyekundu wakicheza Bayern, bluu wakicheza 1860, nyeupe ikicheza timu ya taifa. Ni usawa mzuri kuutazama usiku. Lakini 1860 walikuwa daraja la pili na mifuko imetoboka. Mwaka 2006, hata mwaka mzima haujaisha vizuri, waliuza nusu yao kwa Bayern kwa euro milioni 11. Wakabaki wapangaji hadi mwaka 2017, walipoangukia daraja la nne na kurudi kwenye uwanja wao mdogo wa zamani ndani ya mji. Uwanja ule ulipokuwa unajengwa walikuwa wamiliki wenza.

Kwa hiyo mtu akisema "uwanja wa pamoja", muulize kwanza hizo timu mbili zina nguvu sawa? Kwetu, moja ingekuwa na taasisi ya serikali nyuma yake, nyingine ingekuwa imeletwa juzi na mtu mmoja. Miaka mitatu ingetosha kujua nani mwenye nyumba na nani mpangaji.

Marekani, kwenye mpira wao ule wa kubeba mkononi, kuna somo kuhusu mji unaojenga uwanja ili kuvutia timu. St. Louis walijenga uwanja kwa fedha za umma, wakawapata Rams kutoka Los Angeles mwaka 1995. Ndani ya mkataba kulikuwa na kifungu: uwanja uendelee kuwa miongoni mwa robo ya viwanja bora zaidi vya ligi nzima, la sivyo timu iko huru. Hebu fikiria nyumba unayotakiwa kuihakikishia mpangaji wako kuwa itakuwa mpya kuliko za majirani kwa miaka 30. Haikuwezekana. Mwaka 2016 Rams walirudi Los Angeles, na mwaka 2020 ukafunguliwa SoFi Stadium, uliojengwa na mmiliki wao Stan Kroenke kwa zaidi ya dola bilioni 5. Chargers, waliohama San Diego mwaka 2017, wanautumia pia kama wapangaji. Miji miwili ikabaki bila timu ili uwanja mmoja upate wapangaji wawili. St. Louis walishitaki, na mwaka 2021 wakalipwa dola milioni 790 kumaliza kesi. Manispaa yetu haina mawakili wa namna hiyo.

Dar es Salaam tunaijua. Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye nafasi 60,000, ulifunguliwa mwaka 2007, ni mali ya serikali, na Simba na Yanga wameutumia wote kama nyumbani. Umeleta heshima kubwa. Ila ulipofungwa kwa matengenezo kuelekea CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, klabu zote mbili kubwa nchini zilitoka na mabegi: Simba wakaenda KMC Complex, Yanga wakawa Chamazi kisha nao KMC. Uwanja mmoja ukiugua, timu mbili zinalala nje. Simba na Yanga wana pa kukimbilia jijini. Sisi tungekimbilia Shinyanga au Singida.

Halafu kuna nyasi, ambazo wanaochora majengo mazuri kwenye karatasi huwa wanazisahau. Timu ya Ligi Kuu inacheza mechi 15 nyumbani kwa msimu. Timu mbili ni 30. Ongeza mechi za kombe, za vijana, na mazoezi ya mgeni siku moja kabla ya mechi. Mvua za Tabora zinaanza Novemba na kuondoka Aprili, katikati kabisa ya ligi. Nyasi za asili zinahitaji kupumzika, na wakati huo ndio hazipumziki.

Nakumbuka uwanja mmoja wa ligi ya chini, mwezi Machi, maji yamesimama mbele ya goli kama bwawa la kuogea bata. Mwamuzi akasema akirudi baada ya saa moja akute pakavu au ataahirisha. Tulikimbia kwa maseremala, tukabeba maranda ya mninga kwa viroba, tukamwaga na kukanyagakanyaga. Mechi ikachezwa. Soksi nyeupe za golikipa zikageuka rangi ya kahawia nyekundu, nami nilizifua mara nne bila kutakata. Nilijifunza siku ile kwamba uwanja ni kilicho chini ya nyasi: mchanga, kokoto, mabomba ya kutolea maji. Majukwaa unaweza kuongeza mwakani. Ukikosea huko chini, unafumua kila kitu.

Wanaopendekeza nyasi bandia wana hoja hapa, na kwa timu mbili uwanja mmoja huenda zisikwepeke. Kaitaba kule Bukoba na Nyamagana pale Mwanza wanazo. Zinavumilia mechi nyingi na mvua. Ila zinachakaa, baada ya miaka inayohesabika unang'oa zote na kununua nyingine, na jua la Oktoba la Tabora juu ya plastiki si la kuchezea saa nane mchana. Ukizichagua, anza kuweka akiba ya kuzibadilisha tangu siku ya kwanza.

Jambo la mwisho kuhusu uwanja mpya ni umbali. Ardhi kubwa ya bei nafuu iko nje ya mji. Mwinyi watu wengi wanaufikia kwa miguu au baiskeli. Ukiupeleka uwanja mbali, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi inakaribia kiingilio cha mzunguko, na baba mwenye watoto wawili ameshapiga hesabu akaamua kutazama kibandani. Mwenye gari atafika popote. Nawafikiria wengine.

Uwanja mmoja wa Tabora na Kigoma

Hili nalisema kwa ufupi kwa heshima ya ndugu zetu wa mawese na migebuka. Reli kati ya miji yetu inazidi kilomita 400. Uwanja ukiwekwa katikati, mechi zote za nyumbani zinakuwa safari kwa wote. Hata reli ya kisasa inayojengwa ikikamilika, muuza dagaa wa Mwanga, pale Kigoma mjini, hatafunga genge siku mbili kila baada ya wiki mbili. Milan na München zilizogawana ni timu za jiji moja. Kigoma tayari wanao Lake Tanganyika, uliopokea fainali ya Kombe la Shirikisho Julai 25, 2021, Simba ikaifunga Yanga 1-0 kwa goli la Taddeo Lwanga. Mji uliobeba mzigo ule hauhitaji kuhamishia mpira wake porini.

Kukarabati Mwinyi

Tatizo la upande wangu liko hapa, na sitalificha. Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, kama vilivyo vingi vya mikoani vya enzi ya chama kimoja, CCM Kirumba na Sokoine vikiwemo, ni mali ya Chama cha Mapinduzi. Timu inayoutumia ni mpangaji. Nani ataweka fedha nyingi kwenye nyumba ya kupanga? Halmashauri itasema si mali yetu, timu itasema mkataba wetu ni mfupi, na mwenye uwanja atasema mapato ya mlangoni hayatoshi. Hoja kubwa kuliko zote ya wanaotaka uwanja mpya ni hiyo, na wana haki: mpya utajengwa juu ya hati safi.

Jibu langu ni kwamba hati inaweza kushughulikiwa kwa mkataba mrefu wa pande tatu, chama, halmashauri na klabu, wa miaka ya kutosha kwa anayeweka fedha kuzirudisha. Mwenye uwanja asiye na timu si lazima awe kikwazo. Kule Milan ndiye aliyefanya mahasimu wakae pamoja. Na ukarabati unaweza kwenda kwa awamu huku ligi ikiendelea: sehemu ya kuchezea wakati ligi imesimama, vyumba vya kubadilishia nguo, taa, kisha jukwaa moja baada ya jingine. Uwanja mpya hauchezewi hadi umekamilika, na ikikatika fedha katikati unabaki na nguzo na majani.

Lingine la kukumbuka ni Bodi ya Ligi, ambayo imewahi kuvifungia viwanja vya mikoani kwa sababu ya ubovu. Timu ikifungiwa uwanja inaanza kucheza "nyumbani" mkoa mwingine. Wimbledon walianzia hapo. Anayetaka kuilinda timu isihame, ailinde kwanza sehemu ya kuchezea.

Uchague lipi?

Inategemea unachokitafuta. Mwenye nyumba ya wageni au gari la abiria, anayehitaji Simba na Yanga waje mjini mara mbili badala ya moja kuanzia msimu ujao, timu ya kuletwa itamfaa, na sitamwona msaliti. Ajue tu kwamba anakodi.

Diwani au mkurugenzi anayepanga fedha za umma asijenge uwanja kwa ajili ya timu ambayo haijatia saini kukaa. Akilazimika, adai miaka isiyopungua 15, jina la mji na rangi zibaki mali ya mji hata mwenye timu akiondoka, iandikwe nani analipia nyasi, na ratiba zikigongana nani anapisha. Na kisikubaliwe kifungu chochote kama kile cha St. Louis.

Taasisi inayotafuta timu ya kuidhamini ifuate njia ya Kigoma. Chukua timu iliyopo mkoani, hata kama iko First League, ulipe basi na chakula cha wachezaji kwa misimu mitano bila kugusa jina. Gharama yake ni ndogo kuliko kununua nafasi ya Ligi Kuu, na yule mzee wa bao ataendelea kusema "sisi".

Kama wewe ni shabiki kama mimi, mwenye tiketi ya mzunguko na baiskeli, naomba uchague Mwinyi ukarabatiwe na timu mbili za hapahapa ziugawane. Kazi ya kwanza isiwe jukwaa wala rangi. Watu wa udongo waje kabla ya Novemba, wachimbe vishimo vichache mbele ya magoli yote mawili na katikati ya uwanja, wamwage maji ndoo kwa ndoo, na wapime yanachukua dakika ngapi kuzama. Majibu yabandikwe kwenye geti, kila mtu ayasome, halafu tuzungumze kiasi cha fedha.